Rangi ya ngozi si hali ya ngozi: tuijue tofauti kabla ya kupaka chochote

Katika mazungumzo yetu ya kila siku hapa Pwani, mambo mawili huchanganywa hadi yakawa kama kitu kimoja. Mtu akiwa na uso laini usio na chunusi wala madoa, twasema ana rangi nzuri. Mtu akiwa mweupe, hata kama uso wake umejaa vipele, twasema vilevile ana rangi nzuri. Bi harusi akitolewa nje baada ya siku zake za kusingwa, wageni husema amekuwa mweupe, ilhali aghalabu walichokiona ni ngozi iliyopumzika na jua, ikasuguliwa, ikapata mafuta na ikang'aa.

Mkanganyiko huu si wa maneno tu. Ndio mlango ambao krimu za kuchubua hupitia kuingia majumbani mwetu. Msichana aliyebaki na madoa ya chunusi ana tatizo la hali ya ngozi, lakini akifika dukani huuzwa kitu cha kubadilisha rangi. Hurudi nyumbani na kopo la kutibu kisichokuwa kinaumwa, na kile kinachoumwa hubaki pale pale au huzidi. Makala haya yataeleza kila kimoja ni nini, chatoka wapi, na ni kipi kati ya hivyo viwili mtu ana uwezo nacho.

Lugha yetu yaijua tofauti

Kiswahili hakikosi maneno. Kwa upande wa rangi tunayo mweusi, mweusi tititi, hudhurungi, maji ya kunde na mweupe. Hayo hutaja rangi aliyozaliwa nayo mtu, na hayasemi lolote kuhusu afya yake.

Kwa upande wa hali ya ngozi tuna maneno mengine kabisa. Ngozi hunawiri, hutakata, hung'aa. Pia hufubaa, hupauka, huparara na husawijika. Maneno haya hayatazami rangi hata kidogo. Mtu mweusi tititi aweza kunawiri hadi watu wakageuka kumtazama, na mtu mweupe aweza kusawijika kwa ugonjwa au kwa mawazo. Wazee wetu walipomwona mtu aliyetoka kuugua walisema amesawijika, na hakuna aliyefikiri kwamba dawa yake ni kumchubua. Dawa ilikuwa ni supu, usingizi na matibabu.

Kilichoharibika ni maana ya maneno mawili matatu. Neno kung'aa siku hizi latumika kumaanisha kuwa mweupe. Ngozi safi nayo imekuwa jina la heshima la ngozi nyeupe, kana kwamba weusi ni uchafu wa kuondolewa kwa sabuni. Anayeuza krimu hutumia maneno hayo hayo, na mnunuzi hasikii kwamba ameuziwa kitu tofauti na alichokiendea.

Rangi ya ngozi yatoka wapi

Rangi ya ngozi hutokana hasa na melanini, ambayo hutengenezwa na seli maalumu zilizo chini ya tabaka la juu la ngozi. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba watu wote, mweusi kwa mweupe, wana takriban idadi sawa ya seli hizo. Tofauti iko katika kazi ya seli zenyewe: kiasi cha melanini zinachotengeneza, aina yake, na jinsi chembe zake zinavyosambaa ndani ya ngozi. Kuna melanini ya kahawia iliyokoza hadi nyeusi, na kuna ya manjano inayoelekea wekundu. Kila mtu ana mchanganyiko wake. Juu ya hayo huongezeka wekundu wa damu iliyo karibu na ngozi na umanjano kidogo unaotokana na vyakula kama karoti na mboga za majani.

Melanini ina kazi. Hufyonza miale mikali ya jua ambayo ingeharibu seli za ndani. Ndiyo maana watu ambao vizazi vyao vimeishi karibu na ikweta, kama sisi, kwa kawaida wana melanini nyingi. Wenzetu wenye ualbino, ambao miili yao hutengeneza melanini kidogo sana au haitengenezi kabisa, huungua na jua haraka na wako katika hatari kubwa ya saratani ya ngozi. Kwao mafuta ya kukinga jua ni dawa ya lazima. Kumwona mwenye melanini yake kamili akilipa pesa ili aipunguze, chini ya jua hili la Pwani, ni jambo la kufikirisha.

Rangi hurithiwa, tena si kupitia jeni moja bali nyingi kwa pamoja. Kwa hivyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja waweza kutofautiana: huyu mweusi, huyu maji ya kunde. Katika miji kama Lamu, Malindi na Mombasa, ambako familia za bara letu zimeoana kwa karne nyingi na watu wa Bara Arabu na Bara Hindi, hilo ni jambo la kila nyumba. Mtoto mchanga naye huzaliwa na rangi hafifu kuliko atakayokuwa nayo, kisha hukoza katika wiki zinazofuata. Nyanya zetu hutazama ncha za masikio kukisia rangi itakavyokuwa. Mtoto akikoza hajaharibika. Ni melanini yake inaanza kazi.

Ukitaka kujua rangi yako ya asili, tazama upande wa ndani wa mkono, juu karibu na kwapa, mahali ambapo jua halifiki. Kisha tazama nyuma ya kiganja. Tofauti utakayoiona ni kazi ya jua, na sehemu yake kubwa hupungua ukijikinga nalo. Ile ya ndani ya mkono ndiyo rangi yako.

Kuna pia rangi ya chini, ile inayojitokeza kwa mbali chini ya rangi kuu. Watu wawili maji ya kunde waweza kufanana, lakini mmoja aelekea umanjano na mwingine wekundu. Ndiyo sababu poda iliyompendeza dada yako yaweza kukufanya wewe uonekane kama umepakwa majivu. Poda hujaribiwa kwenye taya, katika mwanga wa mchana, si nyuma ya kiganja chini ya taa za dukani.

Vipimo vya rangi na faida yake

Wataalamu nao hupima rangi ya ngozi, lakini si kwa ajili ya kuchagua nani mzuri. Mwaka 1975 daktari wa ngozi wa Marekani, Thomas Fitzpatrick, aliweka kipimo kinachogawa ngozi kulingana na jinsi inavyopokea jua: inaungua, au inakoza. Baadaye kipimo hicho kilipanuliwa hadi kuwa na aina 6, ili ngozi za kahawia na nyeusi zipate nafasi. Mwaka 2022 kampuni ya Google ilitoa kipimo kingine chenye ngazi 10, kilichobuniwa na Ellis Monk wa Chuo Kikuu cha Harvard, ili kamera na programu za simu zitambue vizuri nyuso za watu wa rangi zote.

Mambo haya yana uzito katika hospitali. Mnamo Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kile kifaa kinachobanwa kwenye kidole kupima oksijeni kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Mwaka huo huo, mwanafunzi wa udaktari wa London mwenye asili ya Zimbabwe, Malone Mukwende, alishirikiana na walimu wake kutoa kitabu kinachoonyesha dalili za magonjwa zinavyoonekana kwenye ngozi nyeusi, maana vitabu vingi vilionyesha picha za ngozi nyeupe pekee. Kwa hivyo rangi ya ngozi ni jambo la kujulikana na daktari ili atibu vyema. Haihitaji kutibiwa yenyewe.

Hali ya ngozi ni nini

Hali ya ngozi ni jinsi ngozi ilivyo na inavyoonekana kwa jumla, iwe ya rangi yoyote. Ndani yake mna mambo manne: usawa, yaani kama rangi ni moja usoni au kuna madoa na mabaka, ulaini, yaani kama ni nyororo au ina vipele na makovu, unyevu, yaani kama imekauka, ina mafuta mengi au iko wastani, na uhai, ule mng'ao wa damu inayotembea vizuri.

Tofauti na rangi ya asili, hali ya ngozi hubadilika kila mara. Hubadilika kwa usingizi, chakula, maji, mawazo, hedhi, mimba, dawa, jua, jasho na maji ya chumvi. Msimu wa joto huleta harara na kuziba vitundu vya jasho. Mvuvi anayeshinda baharini hukauka ngozi kwa chumvi na upepo. Yote haya hutokea na rangi aliyozaliwa nayo mtu ikabaki ile ile.

Hali ya ngozi pia hutoa habari za mwili. Mwenye upungufu wa damu hupauka, na mwenye homa ya ini hugeuka manjano. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko haya hujificha, kwa hivyo tazama mahali ambapo melanini ni kidogo: ndani ya kope la chini, ndani ya mdomo, kwenye ulimi na viganja. Umanjano tazama katika weupe wa jicho. Mtoto mchanga achunguzwe macho na ufizi, na ukiona umanjano mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Pale mawili haya yanapochanganywa

Chukua mfano wa chunusi. Kipele kikipona kwenye ngozi yetu huacha doa jeusi, kwa sababu uvimbe huzichokoza seli za melanini zikatengeneza zaidi ya kawaida mahali pale. Doa hilo ni alama ya kipele. Haimaanishi kwamba ngozi nzima ina kasoro. Dawa yake ni kutibu chunusi zisirudi, kuacha kuzibana, kujikinga na jua na kusubiri. Tabaka la juu la ngozi hujibadilisha kwa muda wa kama wiki 4, lakini doa lililozama huchukua miezi.

Mfano wa pili ni mabaka ya kahawia yanayotokea mashavuni na kwenye paji la uso kwa baadhi ya wajawazito na wanaotumia dawa za kupanga uzazi. Hayo huletwa na homoni zikisaidiwa na jua. Kwa wengi hupungua baada ya kujifungua.

Katika hali zote mbili, krimu ya kuchubua huonekana kama yafanya kazi mwanzoni. Ndani ya wiki chache uso umekuwa mweupe na doa halionekani sana. Lakini ndani ya kopo aghalabu mna kimoja kati ya vitu vitatu.

Cha kwanza ni steroidi. Hizi ni dawa nzuri mkononi mwa daktari, hutibu pumu ya ngozi na magonjwa mengine kwa muda maalumu. Zikipakwa usoni kwa miezi bila mpango hukondesha ngozi, huleta michirizi na chunusi mpya, na huficha choa kikaendelea kusambaa. Zikipakwa mwili mzima huingia kwenye damu, zikaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu. Mtu akiziacha ghafla uso huwaka na kuwasha, naye hudhani ngozi yake yaihitaji krimu, akairudia.

Cha pili ni zebaki. Huzuia melanini, lakini hupenya mwilini na kuharibu figo na neva, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Hata jamaa wa nyumbani wasiopaka waweza kuipata kupitia taulo na mito. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu wengi walidhurika kwa zebaki, ulianza kutumika mwaka 2017 na unakataza vipodozi vya kuchubua vyenye zebaki.

Cha tatu ni haidrokwinoni. Daktari wa ngozi aweza kuitoa kwa kipimo na muda maalumu. Ikitumiwa ovyo kwa miaka huleta kinyume cha ilichonunuliwa: weusi wa kijivu kama buluu kwenye mashavu, mgumu mno kuondoka. Tatizo hili lilielezwa na madaktari wa Afrika Kusini mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi hiyo ikapiga marufuku kitu hicho katika vipodozi. Hapa Kenya, shirika la viwango, KEBS, limekataza vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, lakini makopo bado yaonekana madukani.

Soma maandishi ya kopo kabla ya kulipa. Ukikuta majina kama mercury, calomel, hydroquinone, clobetasol au betamethasone, rudisha. Ikiwa kopo halina orodha ya vilivyomo, au krimu imechanganywa kienyeji na kutiwa kwenye kikopo kitupu, usiipake hata ukihakikishiwa na nani. Na aliyekwisha kutumia krimu ya steroidi kwa muda mrefu asiache bila kumwona daktari, ili apunguziwe kwa utaratibu.

Liwa, manjano na ndimu

Wako watakaouliza: mbona sisi tangu jadi tuna liwa, manjano na singo, je, hizo nazo si za kuchubua? Ukizitazama vyema utaona kwamba kazi yake ni hali ya ngozi. Kusugua hutoa ngozi kavu iliyokufa. Liwa iliyosagwa kwenye jiwe na kukorogwa kwa marashi hupoza uso na kuunukisha. Manjano huacha rangi yake ya dhahabu kwa siku chache, kisha hutoka. Kukaa ndani nako humpumzisha mwari na jua. Bi harusi hutoka amenawiri akiwa na rangi ile ile aliyopewa na Mola wake.

Hata hivyo, si kila cha asili ni salama. Ndimu ikipakwa usoni kisha mtu akatoka juani huweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka meusi kuliko yaliyokuwapo. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa mwili uliokauka, lakini usoni kwa mwenye chunusi yaweza kuziba vitundu na kuzizidisha. Na anayemsinga mwari asitie krimu ya dukani ndani ya singo ili matokeo yaonekane haraka. Mama wa mwari ana haki ya kuuliza kilichomo kabla mwanawe hajapakwa.

Kinachofaa kufanywa

Kutunza hali ya ngozi hakuhitaji pesa nyingi. Osha uso kwa sabuni isiyo kali, mara mbili kwa siku yatosha. Paka mafuta mepesi ngozi ikiwa bado na unyevu. Saa za jua kali tumia mtandio, kofia au mwavuli, na mwenye mabaka atumie mafuta ya kukinga jua kila siku. Yale yenye rangi ya kahawia hufaa zaidi ngozi yetu, maana hayaachi weupe kama chokaa na hukinga pia mwanga wa kawaida unaokoza mabaka. Usibane chunusi. Doa linalokua, kubadilika umbo au kutoka damu lataka daktari upesi.

Baada ya hayo kuna kazi ya ndimi zetu. Msichana hafikii krimu peke yake. Husikia kwanza shangazi akisema fulani ameharibika kwa jua, husikia posa ikijadiliwa na weupe ukitajwa kabla ya tabia na dini, husikia mtoto mchanga akisifiwa kwa weupe na nduguye akinyamaziwa. Sisi tunaosoma Qur'ani twajua kwamba Surat Ar-Rum, aya ya 22, inataja tofauti za lugha na rangi zetu miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Hatuwezi kuisoma aya hiyo msikitini, kisha sebuleni tukaifanya rangi ya mtoto kuwa aibu.

Basi mwanao au mpwa wako akikujia na uso wenye madoa, usimuulize mbona amekuwa mweusi. Muulize chunusi zilianza lini, anapaka nini, na kopo liko wapi ulisome.